Mstari Unaopepesa

Pale Yombo Vituka, nje ya duka la Azzam, kuna benchi la mbao ambalo limekaa muda mrefu kiasi kwamba ukiliondoa leo, kesho watu watachuchumaa palepale wala hawatauliza limeenda wapi. Kahawa hufika baada ya sala ya alasiri, na ubishi hufika nayo. Siku hiyo mpira haukutajwa kabisa. Katikati, juu ya kreti la soda, palikuwa na laptopu iliyofunuliwa, na mbele yake alikaa Wilbert, mikono kaibana mapajani kama mtu aliyeambiwa atulie na askari. Kesho asubuhi mafunzo ya kuandika programu yalikuwa yanaanza kule Kimara, na ujumbe wa mwalimu haukuwa na mzaha: kila mmoja aje na mashine iliyokwisha kuandaliwa, imewekewa kila kitu na inafanya kazi. Asiyekuwa tayari, nafasi yake anapewa mwingine. Tangu kiwanda cha uchapaji kilipofungwa, Wilbert hakuwa amepata nafasi nyingine yoyote, na hii alikwisha kuitangaza mtaa mzima. Ndiyo maana walianza kumwita Injinia kabla hajaandika hata herufi moja. Leo jina hilo lilikuwa linamchoma.

Maelekezo aliyafuata yote, hatua kwa hatua. Maandishi meupe yalikimbia kwenye dirisha jeusi, yakakimbia weee, halafu yakasimama. Chini yao ukabaki mstari mdogo, unawaka, unazima, unawaka, unazima. Hapakutokea neno la hongera wala la pole. Wilbert akanyoosha kidole.

— Usiguse! — Awadh alimdaka mkono. — Injinia, unataka kuiua?

Awadh ni fundi simu, kibanda chake kinatazamana na duka. Wanamwita Flashi kwa sababu simu ikimshinda kila mtu, yeye huiflashi, yaani huifuta na kuipandishia mfumo mpya. Katika kazi hiyo kuna sheria moja tu, naye huisema kama anasoma khutuba: simu ikiwa inapandishwa mfumo, haiguswi. Ukiigusa imekufa, na haifufuki.

— Mie simu nimezifanyaga mpaka basi, — aliendelea. — Huo mstari unaopepesa ndio mapigo ya moyo. Maana yake inafanya kazi ndani kwa ndani. Iache imalize, itasema yenyewe.

— Lakini Flashi, imekaa hivi tangu hatujaanza kahawa.

— Simu yenyewe inachukua nusu saa, kaka. Hili si dude kubwa zaidi?

Hoja iliwaingia. Fredrick, mchonga vinyago aliyetoka Newala zamani na ambaye benchi zima linamwita Mpingo, alitikisa kichwa taratibu.

— Flashi kasema kweli. Hata gogo, ukishalikata huliendei na patasi siku hiyohiyo. Unaliweka kivulini litulie. Ukiwa na pupa, kinyago kinapasuka usoni. Hiyo nayo inatulia.

— Inatulia! — Azzam alicheka mlangoni kwake, redio ndogo kwapani. Yeye ndiye Taarifa, maana habari za dunia nzima huzipata kabla ya wenyewe. — Nyie mnaongea mambo ya magogo. Vitu hivi vyote vinaongozwa na setilaiti. Ukiweka programu mpya, setilaiti lazima ijue kwanza uko wapi. Sasa itafute, itafute, Yombo Vituka iko wapi? Huko juu hawaijui. Wewe ungekuwa Masaki, saa hizi ungeshamaliza.

— Acha hizo, Taarifa.

— Nakwambia! Mtu wangu mmoja wa Kawe aliweka yake, dakika tu ikakubali.

Wilbert alijua kwamba Azzam hajawahi kushika kompyuta. Alijua pia kwamba mpingo haujawahi kuwekewa programu. Hata hivyo aliwasikiliza wote, maana hofu haichagui wa kumsikiliza. Laptopu ilikuwa ya shemeji yake, Fransis, kaka wa mkewe, ambaye aliikabidhi kwa maneno machache na jicho kali. Alijiona kesho amesimama mbele ya darasa na dude lililokufa, halafu anarudi na kupita mbele ya benchi hili, na watu wanamwita Injinia kwa sauti ileile.

— Betri imekuwa nyekundu, — alisema.

Wote waliinama kutazama.

— Waya wake uko wapi? — Mpingo aliuliza.

— Nyumbani. Umeme ulikuwa umekatika, nikaona wa nini.

— Hapo sasa ndipo pabaya, — Flashi alisema. — Chaji ikiisha katikati ya kazi, hiyo ishu hata mie siiwezi.

— Basi niizime?

— Thubutu!

— Niiguse kidogo tu, niione kama…

— Wilbert! Ukiigusa imekufa, isipoguswa inaweza kupona. Chagua.

Alichagua kutoigusa. Mikono akaikalia.

— Na joto je? — Taarifa alisema ghafla, macho yamemtoka. — Umewahi kuingia chumba cha kompyuta ukakuta joto? Kiyoyozi, na watu kimya. Sie hapa tunapiga kelele, jua limetuwakia. Haiwezi kufikiri!

Haikupita hata dakika, muuza kahawa alikuwa ameporwa pepeo lake la kuchochea mkaa, na Mpingo, mtu mzima mwenye wajukuu, akawa anaipepea laptopu kwa adabu. Sauti zikashuka zikawa za msibani.

— Usiipepee kwa nguvu, — Flashi alinong'ona. — Majivu yataingia.

— Mie nina wasiwasi mwingine, — Taarifa alinong'ona vilevile. — Siku hizi, hizi mashine zinasikiliza. Huenda imeshamaliza zamani, inatusikiliza tu. Inajifunza Kiswahili chetu. Inapima nani hapa muoga.

Wilbert alikifumba kinywa. Aliona aibu, lakini alikifumba. Mstari ukawaka, ukazima. Wanaume wanne wazima wakautazama bila kukohoa, na muuza kahawa naye akasahau kumimina.

Hivyo ndivyo Editha alivyowakuta. Mke wa Wilbert hana kawaida ya kusimama kijiweni, kwa hiyo alipotokea na waya wa laptopu mkononi, kila mmoja aliketi vizuri.

— Shikamoo, Mzee Fredrick. Shikamoo, Mzee Azzam.

— Marahaba, mama, — walijibu kwa mnong'ono.

— Kuna mgonjwa? — Editha naye akanong'ona. — Baba Elinaza, umeme umerudi, nikasema nikuletee waya. Mzee Azzam, naomba nichomeke hapo dukani.

Waya ulichomekwa, rangi nyekundu ikaondoka. Wilbert alishusha pumzi ya kwanza tangu kahawa ya kwanza. Editha alitazama pepeo, akatazama nyuso, akaitazama laptopu.

— Mnaingoja ifanye nini?

— Imalize, shemeji, — Flashi alisema.

— Imesema haijamaliza?

— Haijasema.

— Na imesema isiguswe?

Flashi akamtazama Mpingo. Mpingo akamtazama Taarifa. Taarifa akaongeza sauti ya redio kidogo, kisha akaipunguza.

— Kwenye simu… — Flashi alianza.

— Mie mambo hayo siyajui, shemeji, — Editha alisema bila kejeli. — Naona tu imekaa kama mtu aliyemaliza maneno yake.

Wilbert hakungoja mwingine aseme. Pengine angengoja asingeweza tena. Alikinyoosha kidole chake, Flashi akafumba macho, na kidole kikashuka kwenye herufi ya kwanza kiliyoikuta.

Herufi ikatokea. Ikakaa palepale ulipokuwa mstari, na mstari wenyewe ukasogea kando kuipisha, ukaendelea kupepesa.

— Eh! — Mpingo aliangusha pepeo. — Kumbe iko tayari!

— Iko tayari tangu muda ule! — Taarifa alipiga makofi. — Mie si nilisema? Nilisema imeshamaliza zamani!

— Injinia, umetoka, mwanangu! — Flashi alimpiga begani. — Kesho wewe ni wa kwanza.

Benchi lilirudi kwenye kelele zake na Wilbert alicheka nao. Ni Editha peke yake aliyekuwa bado ameinama mbele ya kioo.

— Haya, — alisema. — Sasa unaiandikia nini?

— Nini?

— Si ilikuwa inakungoja wewe? Unataka ikufanyie nini?

Wilbert aliweka vidole juu ya herufi. Katika miaka yake yote kiwandani hakuwahi kuulizwa hivyo. Kadi za harusi, mabango, kalenda, vyote vilikuja na mteja, na maneno yake yalikuja yameshaandikwa. Kazi ya Wilbert ilikuwa kuyapanga yasipinde. Kwa wiki kadhaa sasa alikuwa amehangaika kuomba nafasi, kuazima mashine, kuogopa mashine. Jambo la kuiambia hakuwa nalo.

— Si utafundishwa huko kesho? — Flashi alimsaidia.

— Atafundishwa namna ya kuiambia, — Editha alisema. — Mie nauliza atakachoiambia.

Mpingo aliokota pepeo, akamrudishia muuza kahawa. Taarifa aligeukia dukani, ingawa hapakuwa na mteja. Wilbert alimtazama mkewe, akaona kwamba hakuwa anamtega. Alikuwa anataka kujua kweli, na alikuwa anangoja.

— Sijui, Mama Elinaza, — alisema.

Alibonyeza kitufe cha kufuta. Ile herufi moja ikaondoka, na mstari ukarudi mahali pake.