Historia ya Jacinta Akinyi Odera, Aliyewaita Wabichi kwa Majina

Baba Paroko, wazee wetu, majirani kutoka Mji wa Kale, maafisa wa kijeshi mlioketi viti vya nyuma, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu, as-salaam alaykum. Mimi ni Crispus Odera, mdogo wake marehemu wa kumfuata ziwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, ingawa yeye mwenyewe angesema nitasoma polepole na chakula kitapoa.

Marehemu Jacinta Akinyi alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, katika nyumba za reli hapa hapa kisiwani, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Barnaba Odera, aliyekuwa mfanyakazi wa garimoshi, na marehemu Mama Perpetua. Alisoma shule ya msingi karibu na Makupa, akamaliza mwaka 1976, kisha akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1980, na walimu wake walimwandika kuwa ni msichana mwenye bidii na sauti kubwa, mambo mawili ambayo hayakumtoka hadi mwisho.

Mwaka 1981 alijitokeza kuandikishwa jeshini, akakimbia akawaacha wenzake, akasoma akapita, lakini aliposimamishwa kwenye kipimo cha kimo alionekana amepungua inchi moja, akaambiwa arudi nyumbani. Nilikuwa naye siku hiyo. Hakulia, aliniambia tu kwamba mtu akikosa kuingia kwa mlango wa mbele bado kuna mlango wa jikoni, nami nikadhani anatania.

Tarehe 3 Septemba 1984 aliajiriwa mpishi katika chuo cha maafisa wa kijeshi ng'ambo ya Likoni, chuo ambacho wenyewe wameniomba nisikitaje kwa jina, nami nawatii kwa kuwa wamekuja na viatu vinavyong'aa kuliko vyangu. Kwa miaka thelathini na saba na ushei alivuka Feri alfajiri akarudi jioni, na huko ndiko alikopata lugha ambayo sisi nyumbani ilituchosha masikio.

Kadeti mpya huko huitwa mbichi, na kwa wiki kumi na nne za kwanza hana jina, ana nambari tu. Adhabu yao huitwa sukari, na anayefukuzwa chuoni husemwa amechujwa. Bwaloni, mbichi akikosea hukalia kiti cha hewa, yaani huketi mahali pasipo kiti, magoti yakitetemeka, na sahani mkononi. Tena, mtu yeyote, awe afisa au mpishi, akimwita mbichi kwa jina ndani ya bwalo, kikosi kizima hutoka kwenda kukimbia kuzunguka uwanja, wala mbio hazikomi mpaka yule aliyelitaja jina aseme yatosha. Nikiri mbele yenu kwamba mimi, karani wa bandari niliyezoea watu kuitwa kwa majina yao, nilikuwa nikiwaona watu wazima hao wanacheza.

Lakini wiki ya kumi na nne ikitimia, mpishi mkuu husimama mlangoni mwa bwalo, akamwita kila mmoja kwa jina lake kamili na la wazazi wake, naye hujibu kwa sauti, nimeiva. Dada yangu alipewa heshima hiyo mwaka 1993, na aliyahifadhi majina hayo kichwani, maelfu kwa maelfu. Mwenyewe hakuwahi kuitwa, kwa sababu mpishi ni raia na raia haivi. Aliniambia jambo hilo mara moja tu, huku akikuna nazi, na nilijua kutokana na alivyoikuna kwamba ile inchi moja ilikuwa bado inamuuma.

Alifunga ndoa takatifu na marehemu Jefwa Kazungu, dereva wa kreni bandarini, tarehe 17 Desemba 1988, wakapanga nyumba Kibokoni kwa Bi Mwanakhamis, ambaye yuko nasi hapa, na ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akimwambia, "Weye Jasinta, wapika kana kwamba Mombasa nzima ina ndaa." Baada ya kungoja sana, Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Ashley Rehema, aliyezaliwa tarehe 21 Mei 1996, na ambaye mnamuona hapa mbele na sare yake, akiwa mrefu kuliko mama yake kwa inchi tano.

Ashley aliingia chuo hicho tarehe 31 Agosti 2015, akawa mbichi nambari thelathini na moja, akala mikononi mwa mama yake bila kuitwa mwanangu. Wabichi wa dada yangu wote wanajua kwamba ukiwa na njaa ya kweli ungekuta kipande cha samaki kimefichwa chini ya wali, jambo lililokatazwa. Ashley peke yake hakuwahi kuwekewa kitu, kwani mama aliogopa isije ikasemwa kwamba mtoto amebebwa. Ilimuuma, na alikuwa akitueleza hivyo kila Jumapili.

Siku ya Alhamisi, tarehe 12 Novemba 2015, wakati wa chakula cha mchana, simu iliingia jikoni kwamba Jefwa ameanguka akienda kazini na amefariki. Utaratibu ulitaka ampelekee habari mkuu wa chuo, naye amtume kasisi. Dada yangu alivua aproni, akasimama katikati ya bwalo na kuita, "Ashley Rehema, mwanangu, njoo." Alikuwa amelinda desturi ile kwa miaka thelathini na mmoja, akaivunja kwa maneno manne.

Kiongozi wa kikosi, kijana aitwaye Abdulghafur, alisimama bila kuamriwa na mtu, akasema mbio ni zetu, na vijana sabini na wawili wakaacha sahani zao, wakatoka juani, wakawaachia mama na mtoto chumba chote. Humo ndani, dada yangu alisahau kabisa kwamba kuna watu wanaomngoja aseme neno. Walikimbia kwa saa nzima na zaidi, wawili wakazirai, na hakuna hata mmoja aliyekubali kusimama kabla yake. Alipokumbuka alitoka mbio hadi uwanjani, analia, akapiga kelele, "Yatosha! Yatosha, wanangu!" Jioni hiyo, mjane wa saa chache, aliwapikia uji kwa mikono yake na hakutaka kusaidiwa. Tangu siku hiyo sikuwaita tena watu wanaocheza.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2022. Kisukari kilichogunduliwa mwaka 2019 kiligeukia figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, akiwapa wauguzi nambari na kuwaahidi kuwataja majina wakiiva. Alifariki Jumamosi, tarehe 17 Januari 2026, saa tatu asubuhi, Ashley akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bi Mwanakhamis na majirani wa Kibokoni waliotandika mikeka na kupika siku zote saba bila kuuliza sisi ni dini gani, wapishi wenzake wa chuoni, na wafanyakazi wa Feri waliosimama jana jeneza lilipovushwa kuagwa huko.

Jumanne iliyopita Abdulghafur, ambaye sasa ni Meja, alikuja nyumbani pamoja na wenzake wa mwaka ule. Walisema wamekubaliana kwamba haiwezekani mtu aliyewaita wote aondoke bila kuitwa, na wakaniomba mimi nisimame mlangoni badala yake, nao watamjibia, kwa kuwa yeye hawezi. Basi maafisa, simameni.

Jacinta Akinyi, binti Barnaba Odera na Perpetua, mke wa Jefwa, mama wa Ashley.

Umesikia mwenyewe walivyojibu, dada. Umeiva. Sasa yatosha. Pumzika kwa amani.