Mafuta Chini ya Skii za Anésie

Nani aliyepaka mafuta ya upako kwenye skii za Anésie, Salvator hajajua mpaka leo. Wenzake wa maombi walikuja kumwombea binti safari wakajaza sebule yake, na wote walikuwa wamefumba macho. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye benchi mbele ya bucha ya halali, mtaani Auburn, kahawa inapoa mkononi. Binti yake Anésie, bingwa wa Australia wa mbio za nyika za skii, zile mbao za kutelezea theluji, alikuwa ameshindwa mbio zake za mwisho kabla ya kustaafu. Jumatatu angemshtaki msichana wa timu yake mbele ya kamati ya mchezo kwamba ndiye aliyemharibia skii.

– Wamemuonea, alisema Katembo, ambaye kijiwe kinamwita Jaji. Mutoto ameanza kwenye lami ya Smithfield na skii za magurudumu, watu wanamupigia honi, wanamucheka. Sasa ni bingwa, wanamupakia mafuta.

– Mafuta ni kitu kidogo, akadakia Ponsian, Mtanzania aitwaye Redio. Ule mlima ulimwagiwa maji usiku, ugande.

– Na wengine walipandaje?

– Walivaa misumari, Jaji. Huyo msichana ndiye aliyewagawia.

– Mushenzi sana huyo.

Salvator aliona damu inampanda kichwani.

– Nyamazeni. Jana nilizinusa skii zenyewe. Chini ya mguu kuna utepe wa manyoya, ndio unaoshika theluji ukipanda. Umelowa mafuta yetu ya maombi.

– Papa Salvator, mafuta ya maombi hayaharibu kitu, alisema Jaji. Yanafungua njia.

– Yamefungua ya kurudi nyuma. Mwanangu ameteleza kinyumenyume mbele ya kamera, na ninyi mnakunywa kahawa mkitukana mtoto wa watu.

– Basi mwambie, alisema Redio. Tangu utotoni anasema skii zake hazishikwi na mtu. Akijua ni kwako zimeshikwa, hakanyagi tena pale.

Hilo ndilo lililomnyima Salvator usingizi, na hasira yake yote ilikuwa inalizunguka.

Falone, aliyehamia mtaani juzi, alikuwa amesimama kando na sare yake ya kulea wazee, akingoja nyama yake ikatwe.

– Samahani, wakubwa. Huyo msichana mnayemsema anaitwa nani?

Jaji alimtazama Redio. Redio alitazama kikombe. Wiki nzima walikuwa wamemlaani, na hakuna aliyelijua jina lake.

Jaji akataka watume wajumbe kwa Anésie, Redio akataka mchungaji. Salvator akakataa yote mawili kwa ukali uliomshtua mwuza nyama. Ikaamuliwa Anésie aambiwe siku hiyohiyo, na aende mwenye sebule.

Alipanda treni peke yake. Binti yake alipomfungulia mlango, Salvator hakuketi.

– Mafuta yamepakwa nyumbani kwangu, mama. Sijui ni nani, lakini ni sisi. Mwenzako anaitwa nani?