Fundi Ogola na Wazee Wawili wa Uskoti

Bwana Gordon Ogola, fundi wa umeme wa kiwanda chetu cha nguo hapa Kisumu, anastaafu Jumamosi hii, tarehe 30 Novemba 1996, baada ya kufanya kazi miaka ishirini na minane. Anarudi kwao Usenge.

Aliajiriwa kushika ngazi ya fundi mwingine. Yule fundi alipohama, Ogola akapanda ngazi mwenyewe na hakushuka tena. Umeme ulipopotea na mashine zikanyamaza, wakubwa walikimbia huku na huku, yeye alitembea. Alisema umeme haumjui meneja. Hakuwahi kuunguza kitu ila suruali yake moja, na hiyo ni kwa pasi, nyumbani.

Lakini sisi wa idara ya kupakia tutamkumbuka zaidi kwa sinema. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alitundika shuka jeupe kwenye ukumbi wa wafanyakazi, akawasha mashine, akashika kipaza sauti na kutafsiri. Tulitaka sinema za ngumi. Zilipochelewa kufika kutoka Nairobi, alifungua kabati akatoa makopo matatu ya bati. Ilikuwa sinema ya vichekesho ya kijijini Uskoti, iliyoachwa na injinia mmoja wa huko alipomaliza mkataba mwaka 1984.

Mara ya kwanza watu walilalamika. Hakuna bunduki, hakuna hata kofi. Ni wazee wawili, ndugu wa tumbo moja, wanaokaa nyumba moja kando ya ziwa na hawasemezani kwa sababu ya kondoo dume. Kila mmoja anaongea na mbwa. Mkubwa anamwambia mbwa, mwambie huyo chai iko tayari. Mdogo anamwambia mbwa, mwambie huyo sina kiu. Halafu anakunywa. Kiingereza chao hakuna aliyekielewa. Waliaula wa ofisini, ambaye ana cheti, alisema hicho si kile alichofanyia mtihani. Basi Ogola alikisia, na nadhani alikisia vizuri kuliko walivyosema wenyewe.

Kilichotushika ni kitu kidogo. Mzee mdogo anakaa mlangoni, mvua inanyesha, anaziba gambuti lake, kiatu cha mpira cha mvua, kwa kiraka cha tyubu ya baiskeli. Wengi wetu tulikuwa hatujaona Mzungu mwenye gambuti lililotoboka. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Gundi hiyo haitashika, hajakausha," na watu wakacheka mpaka Ogola akasimamisha mashine. Tangu siku hiyo ilikuwa sinema yetu. Sisi tuliotoka mbali tuliona vilima vyenye ukungu kama vya kwetu. Wa ziwani waliona mashua na mvua. Hakuna anayekufa ndani yake wala anayetajirika. Mtu aliyebeba marobota wiki nzima anaweza kuitazama bila kuchoka zaidi.

Mwisho wake hatukuwahi kuuona. Mzee mkubwa anabeba sanduku kwenda kuishi mjini kwa bintiye. Mdogo anasimama kwenye lango na mbwa, anafungua mdomo, na hapo filamu imekatika. Kila mara tulimalizia wenyewe kwa kelele. "Mwambie chakula kimeiva!" "Mwambie aende, lakini kondoo abaki!" Ogola aliwasha taa na kusema, "Mengine malizieni nyumbani."

Yeye mwenyewe nyumbani alikuwa na lake. Yeye na kaka yake Dishon walikuwa hawasemezani tangu baba yao alipofariki mwaka 1979 na kuwaachia mashua moja. Kila mmoja alidai mwenzake aliichukua bila kuuliza. Wakati wa likizo, salamu zilipita kwa Mama Perez, mke wa Ogola. Joram, kijana wa Usenge tunayepakia naye, alijaribu siku moja. "Fundi, hao wazee si ni nyinyi?" Ogola akamjibu, "Sisi hatuna kondoo." Lakini kila mtu alijua anastaafu kwenda kwenye boma ambalo mlango wake unatazamana na wa Dishon. Mtu hawezi kuzeeka akitazama mlango usiomsalimu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa kumi ilikuwa sinema yake ya mwisho kutuonyesha. Sinema ya ngumi ilikuwa imefika mapema. Hakuna aliyeitaka. Mama Perez aliingia taa zikiwa zimezimwa, pamoja na mzee mwenye kofia, wakakaa nyuma. Wa Usenge walimjua, wakatuambia kwa kunong'ona kuwa ndiye Dishon. Mzee Dishon alicheka kwenye kipande cha chai. Kwenye cha gambuti alitikisa kichwa.

Filamu ikakatika pale pale. Safari hii hakuna aliyepiga kelele. Ndipo mzee wa nyuma akasema, bila kumtazama mtu, "Mwambieni huyo fundi ile mashua inavuja. Inataka mtu wa pili wa kuchota maji."

Ogola alisikia. Ukumbi wenyewe si mkubwa. Lakini alisimama kando ya mashine na kungoja, mpaka Opiyo wa karakana akaelewa kazi yake. "Fundi, mzee anasema mashua inavuja. Inataka mtu wa pili."

Ogola akainua kipaza sauti. "Mwambieni mzee nakuja. Kopo la kuchotea ninalo."

"Mzee, fundi anasema anakuja," tukasema ukumbi mzima, watu kama mia mbili, na siku hiyo mbwa tulikuwa sisi. Taa ziliwaka. Hakusema tumalizie nyumbani.

Kiwanda kimekubali aondoke na kopo la tatu, lile la filamu iliyokatika. Filamu inabaki kabatini.

Mzee Ogola, asante kwa mwanga wa mashine na wa kwenye shuka. Tunakuombea miaka mingi Usenge, omena wa ziwani wa kutosha, na mashua inayovuja kidogo tu.

Wepukhulu, idara ya kupakia