Shangazi wa Kopo na Madaftari Yake Saba

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, mpokea simu wetu wa Dawati la Wateja anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda hiki miaka thelathini na moja. Hivyo ndivyo linavyosema faili lake. Mwenyewe anasema ni thelathini na miwili, kwa sababu anahesabu na ule mwaka wa ukibarua alipokuwa akibandika lebo kwa mkono. Nimekwenda ofisi ya utumishi mara tatu kuulizia, nikarudi na majibu matatu. Basi msomaji achague mwenyewe. Mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu nimechanganyikiwa na makubwa kuliko hilo, kama utakavyoona.

Humu ndani sote tunamwita Shangazi. Wateja humwita Shangazi wa Kopo, maana kila kopo la jodari linalotoka hapa lina namba ya simu ubavuni, na juu yake maneno: "Una swali? Tupigie." Nao walipiga kwelikweli. Aliyepokea ni yeye, katika kile chumba kidogo kilichobanana na stoo ya lebo, chenye meza mbili, simu moja nyeusi, na kiti ambacho mguu wake mmoja umewekewa kipande cha kadibodi tangu enzi za meneja aliyepita.

Nilipohamishiwa chumba hicho miaka minne iliyopita, nilidhani samaki wa kopo hana maswali. Unafungua, unakula, umemaliza. Kumbe! Bwana mmoja alichemsha kopo bila kulifungua, likapasuka, jodari akanata darini. Shangazi alimuuliza kwanza kama macho yake ni mazima, halafu kama kuna watoto jikoni, ndipo akamweleza taratibu kwamba jodari huyo ameshaiva kiwandani, hana haja ya kuchemshwa tena. Mwingine alitaka kujua kama kopo lililovimba lina samaki wengi zaidi. Huyo alifokewa, mara moja tu katika miaka yote hiyo, hadi alipoapa kwamba amelitupa.

Halafu kuna yule bi harusi aliyepiga akinong'ona. Wakwe wako sebuleni, hawakutoa taarifa, na jikoni ana makopo mawili, viazi vinne, kitunguu na yai. Shangazi alikaa naye kwenye simu dakika arobaini: chemsha viazi, ponda, chuja samaki, changanya na kitunguu, finyanga vidonge bapa, chovya kwenye yai, kaanga, na usilie, mwanangu, machozi yana chumvi na samaki tayari anayo. Wakwe walikula wakalamba vidole. Siku hizi bi harusi huyo ni mama mkwe mwenyewe, na bado hupiga kusalimia.

Chuo cha lishe Shangazi hakukisomea. Alipelekwa kozi ya wiki sita, akarudi na cheti na kiu ya kujua zaidi, akawa anamganda mtaalamu wa lishe wa kiwanda kila wakati wa chakula cha mchana. Ndiyo maana alikuwa akieleza kwa lugha ya jikoni. Kopo moja dogo linaweza kumpa mtu mzima karibu nusu ya protini anayoihitaji kwa siku. Mafuta ya samaki mwenyewe ni rafiki wa moyo. Zimo vitamini D na B12. Ila chumvi ipo, na zebaki kidogo ipo, kwa hiyo mjamzito asile kila siku, na akaulize kliniki ni aina gani na kiasi gani. Ukishalifungua, hamishia samaki kwenye chombo chenye mfuniko, weka kwenye friji, mmalize ndani ya siku mbili. Haya nayajua kwa moyo. Sikuchanganyikiwa hapo.

Nilichanganyikiwa mwezi uliopita. Meneja aliniita akaniambia kwamba kwa kuwa Shangazi anaondoka na mimi ndiye nitakayeirithi simu, niyachukue madaftari yake saba, alimokuwa akiandika maswali ya wateja na majibu aliyowapa, niyaingize kwenye kompyuta: swali moja, jibu moja. Kazi ya wiki mbili, alisema. Nikayabeba madaftari kwa furaha, nikaketi, nikafungua la kwanza.

Jamani! Kuhusu mafuta yaliyomo ndani ya kopo, ukurasa mmoja unasema mwaga yote, kisha suuza samaki kwa maji. Ukurasa wa pili unasema usimwage hata tone. Ale mara ngapi? Mara tatu kwa wiki, ruhusa. Mara moja, basi. Na mahali pengine: kopo hilo mpe jirani. Pembeni mwa kila jibu kulikuwa na vichoro vya kalamu: fimbo, tumbo, moyo, jino moja, kidole gumba cha mguu kilichovimba. Nikavichukulia ni vya mtu anayechoka kushika simu, nikaviacha. Kichwa kilinizunguka hadi nikatoka nje kupunga upepo.

Ningeweza kumuuliza. Alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu, akimenya chungwa. Sikumuuliza, na mpaka leo sijui kwa nini. Nadhani niliona haya, au nilijiona mjuzi. Badala yake nilihesabu kura. Naam, nilipiga mistari kwenye karatasi: mwaga, mia nne na kumi na mbili, usimwage, mia tano na tisa. Usimwage likashinda, likaingia kwenye kompyuta kama jibu rasmi. Kisha nikamwandikia meneja barua kwamba mama huyu amekuwa akiwapotosha wateja kwa miaka thelathini na moja.

Barua ile ilifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Cheti chake cha heshima kilichokuwa kimeshapigwa chapa kikarudishwa kabatini. Hafla ya kumuaga ikasimamishwa. Simu nyeusi ikatolewa mezani kwake ikawekwa mezani kwangu, zikiwa zimebaki wiki mbili astaafu. Shangazi alikuja kila siku saa mbili kamili, akaketi, akaweka mikono mapajani, na simu ilipolia alikuwa anaitazama halafu anatazama dirishani. Nilikuwa nahisi joto masikioni. Nilijiambia ni hali ya hewa.

Siku ya tano alipiga mzee mmoja. Alisema ana kopo mkononi, je, mafuta ayafanyeje? Nikamsomea jibu rasmi kwa sauti ya kujiamini: asimwage hata tone. Akaniuliza mbona sijamuuliza anampikia nani. Akasema anampikia mke wake mwenye ugonjwa wa moyo, na kwa miaka tisa Shangazi amekuwa akimwambia amwage, asuuze, akamulie limau badala ya kuongeza chumvi. Alipiga tu kwa sababu Jumanne ni siku yake ya kumsalimia. Lakini kama ningekuwa nimempata mtu mgeni, alisema, mtu huyo angenisikiliza. Akanitakia kazi njema akakata simu. Ile kazi njema yake iliniuma kuliko tusi.

Nilifungua madaftari upya. Kwenye moyo: mwaga, suuza. Kwenye fimbo, yaani mzee aliyedhoofu asiyepata hamu ya kula: usimwage, ponda na viazi, apate nguvu. Tumbo, yaani mjamzito: mara moja, na aulize kliniki. Jino, yaani mtoto anayeanza kuota meno: saga laini, toa miiba hata kama huioni. Kidole kilichovimba ni jongo, ugonjwa wa viungo ambao jodari huuchochea, na huyo ndiye aliyeambiwa kopo ampe jirani. Hakuwa akichora ovyo. Hakupenda kuandika majina wala magonjwa ya watu kwenye daftari ambalo yeyote angeweza kulifungua, akachora. Majibu yote mia tisa na ushee yalikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimefuta nusu yake ya maana.

Nilikwenda kwa meneja nikakiri kila kitu, nikarudi na simu mikononi, waya ukiburuta sakafuni. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba radhi, ikapotelea mlangoni, nikabaki nalia tu kama mtoto. Shangazi aliichomeka simu mahali pake. Kisha akanitazama akasema nimekonda, akaniuliza nyumbani ananipikia nani. Nilipomjibu kwamba najipikia mwenyewe, alitikisa kichwa, akatoa kwenye mkoba mkate wake wa jodari na kitunguu, akaukata katikati, akanipa kipande kikubwa.

Cheti kimetoka kabatini na atakabidhiwa Ijumaa mbele yenu nyote. Kwenye kompyuta kuna safu mpya, ya kwanza kabisa kushoto, yenye michoro yake mitano. Na mezani kwangu ameacha daftari la nane, jipya, lenye ukurasa mmoja tu ulioandikwa. Pembeni amechora mtu ambaye nywele zimemsimama na macho yanaangalia pande mbili tofauti. Nilijitambua mara moja. Mbele yake kuna jibu: huyu apewe mkate kwanza, kisha afundishwe, ni mzuri, ila ana haraka.

Shangazi, kwa niaba ya kiwanda kizima, asante kwa kila simu uliyoipokea. Kwa niaba yangu peke yangu, nisamehe, ingawa najua umeshanisamehe kabla sijamaliza kutafuna. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na kengele, na miaka mingi ya kupikiwa na wengine. Mimi Jumatatu saa mbili kamili nitaketi kwenye kiti chako chenye kadibodi, na simu ikilia nitauliza kwanza.