Shahada ya Uhalifu na Ekari Iliyobaki

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye kazi, asifiwe na wanaoitafuta! Mimi ni mzaliwa wa Kamukuywa, na leo nasimama mbele yenu hapa Kitale kutoa ushuhuda. Nilikaribia kuwa mhalifu huku nimeshika shahada ya kuwachunguza wahalifu!

Kwetu tulikuwa na ekari mbili. Ya kwanza baba aliiuza ili nisomee kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu: kwa nini mtu huvunja sheria, na jamii imrudishe vipi. Majirani walitucheka. "Miaka minne unasomea wizi? Si ungekuja tu sokoni tukufundishe bure?" Mimi sikucheka. Niliamini kwamba nchi yetu inaugua, na kwamba nitakuwa mmoja wa waganga wake. Nilipohitimu, kijiji kizima kilikula wali kwetu, na baba akatangaza kwamba ekari ile haikupotea, imegeuka kuwa mtu.

Ndugu zangu, mwaka ukapita. Nilipeleka barua za kuomba kazi Bungoma, Kitale, hata Nairobi. Kila mahali walitaka uzoefu. Likatangazwa zoezi la kuandikisha polisi, nami nikaenda uwanjani Bungoma na bahasha ya vyeti. Lo! Hakuna aliyeifungua. Tulivuliwa viatu, tukakimbizwa, tukafunguliwa vinywa na kukaguliwa meno kama ng'ombe wa mnada. Afisa mmoja aliiona ile bahasha. "Hiyo ni ya nini, profesa? Ukimfukuza mwizi utamsomea?" Wote wakaangua kicheko. Sikuchaguliwa.

Wiki iliyofuata mtu tusiyemjua akampigia baba simu. Kuna majina yatakayoongezwa kwenye orodha, akasema, na langu linaweza kuwa mojawapo, ila nafasi ina bei. Bei hiyo ilikuwa sawa na ekari yetu iliyobaki.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Nilikubali! Mimi niliyeandika tasnifu nzima kuhusu hongo, nilimwambia baba kwamba nikishaingia nitapigana na uovu nikiwa ndani. Lakini kwetu shamba haliuzwi kimyakimya. Sharti muuzaji afike mbele ya bodi ya ardhi pamoja na mke wake na watoto wake wazima, na kila mmoja aulizwe kama anakubali. Kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba, fomu niliijaza mimi. Penye sababu ya kuuza niliandika kwa mwandiko mzuri: karo ya chuo kikuu.

Mwenyekiti aliisoma kwa sauti. Mzee mmoja wa bodi akavua miwani. "Karo? Karo gani tena, bana? Si huyu ndiye kijana tulikula mchele wake, ati amemaliza?"

Miaka minne nimesoma jinsi uongo unavyofichuliwa, na sikuwa nimefikiri kwamba aliyekula karamu yangu angeketi kwenye meza ile!

Mwenyekiti akamgeukia mama. "Mama, wewe unakubali?"

Mama yangu hajawahi kuketi darasani. Alinitazama mimi, si mwenyekiti. "Mimi sijui kusoma. Yeye ndiye ameandika. Kama kile ameandika ni kweli, nimekubali."

Ndugu zangu! Nimefanya mitihani mingi, lakini hakuna uliowahi kunivua nguo namna ile. Moyoni nililia, "Yesu, niokoe na mimi mwenyewe!" Kisha nikausikia mdomo wangu ukisema, "Si kweli. Si karo. Ni hongo ya kazi ya polisi. Mimi sikubali shamba liuzwe."

Baba aliinuka, akavaa kofia yake, akatoka. Ombi likakataliwa papo hapo. Nilidhani amani ingenishukia kama umande; badala yake nilitapika nyuma ya ofisi ya DO, mkuu wa tarafa, bodi ilikokutania. Mama akanishika bega. "Haya, mwanangu, twende. Magugu hayangojei mtu."

Baba hakunisemesha hadi mahindi yalipotoa ndevu. Ndipo asubuhi moja akanirushia jembe. "Shika mstari huo, afisa." Nililia huku nikilima.

Mungu hakunipa kazi siku ile wala mwezi ule. Nilijitolea bila mshahara katika ofisi ya probesheni hapa mjini, na mwaka huu nimeajiriwa. Nawatembelea makwao watu waliopatikana na hatia, kisha namwandikia hakimu ripoti ili aamue kama mtu atafungwa au atarekebishwa akiwa nyumbani. Vijana mnaotaka kusomea fani hii, sitawadanganya: mshahara ni mdogo, na ekari ile ya kwanza haijarudi. Huenda isirudi kamwe. Lakini mtu akiketi mbele yangu na kunieleza jinsi alivyojihadaa, simdharau. Hilo sikulipata chuoni. Nililipata mbele ya bodi, na namshukuru Bwana kwa aibu ile!

Najua humu ndani kuna mzazi anayelala na hati ya shamba chini ya mto, kwa kuwa kuna mtu amemwahidi mtoto wake kazi. Mwenzangu, usimpe! Mtegemee Mungu, hata akikawia. Njoo hapa mbele na hati yako tuombe. Na wewe kijana uliyeijaza fomu, njoo nayo.