Fundi Aliyeogopa Kila Bolti

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane Juni, fundi mkuu wa karakana ya chuo chetu cha kilimo anakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na minne na miezi mitatu ya kazi. Jina lake kamili limo kwenye faili la ajira, lakini ukiliulizia getini utaambiwa mtu huyo hayupo. Ulizia Mzee Robo, utaonyeshwa njia hata na mbuzi wa chuo.

Jina hilo lilitokana na jinsi anavyofungua bolti iliyoshikwa na kutu. Haizungushi moja kwa moja mpaka itoke. Anaizungusha robo ya mzunguko, anairudisha nyuma kidogo, anaitia mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi, anaiacha, anakwenda kunywa chai, anarudi, robo nyingine. Wanafunzi wenye haraka walimwita Robo kwa kumkejeli. Yeye alilipenda jina lile, akaliandika kwa rangi nyeupe mgongoni mwa ovaroli, na kejeli ikaishia hapo.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, kazi yake kufagia vumbi la chuma na kuosha vipuri. Alipanda ngazi moja moja, na kwa miaka kumi na tisa iliyopita amekuwa fundi mkuu. Katika muda huo pampu ya bustani haijalala kiangazi hata siku mbili mfululizo, jenereta ya maabara ya maziwa imefufuliwa mara nne, na mamia ya wanafunzi wamejifunza kushika spana bila hata mmoja kupelekwa hospitali. Nimelipitia daftari la ajali. Hadi Mei mwaka huu, kurasa za miaka hiyo zilikuwa tupu, isipokuwa mstari mmoja kuhusu mwalimu wa ufugaji aliyeumwa na nyuki akiwa amekuja kuazima nyundo.

Siri ya kurasa hizo tupu hakuwahi kuificha. Mzee Robo ni mwoga. Anaogopa jeki, anaogopa ngazi, anaogopa mtungi wa gesi na mtu yeyote anayeusogelea akipiga mluzi. Huzunguka gari mara tatu kabla ya kulipanda. Kila siku saa kumi jioni hutusimamisha mlangoni tuhesabu vidole vyetu kwa sauti, na ukitania ukasema tisa, mnaanza upya wote. Mkewe, mwalimu mstaafu wa hesabu, anasema nyumbani hali ni hiyo hiyo. "Jiko akilizima," anasema, "hulikagua kama mtu anayesahihisha mtihani."

Uoga huo una chanzo chake. Alikuwa na mwaka mmoja kazini pale fundi aliyemfundisha alipochoka kubembeleza bolti ya kutu, akachomeka bomba refu kwenye mkono wa spana ili apate nguvu, akavuta. Bolti ikakatika, spana ikaruka. Yule fundi aliondoka chuoni na jicho moja. Mzee Robo alinisimulia habari hiyo mara moja tu, akiwa ameniangalia usoni, na alipomaliza hakusema funzo lake ni nini. Aliniuliza, "Sasa wewe unaogopa nini?"

Swali hilo ndilo desturi ya karakana yetu. Kabla ya kugusa bolti yoyote iliyoshikana, kila aliye karibu lazima aseme kwa sauti kitu anachokiogopa, na kazi haianzi mpaka hofu hiyo ifanyiwe kitu. "Naogopa itakatika." Basi iloweke siku mbili zaidi. "Naogopa spana itateleza inivunje meno." Basi badili mkao, vuta, usisukume. "Naogopa mafuta yatashika moto nikiweka mwali." Basi pangusa, na ndoo ya mchanga isogee. Ukisema huogopi chochote, unapewa ufagio. Mimi ninayeandika ni fundi msaidizi wake, nimesoma chuo kikuu, na wiki yangu ya kwanza nilifagia siku tatu.

Mwaka huu alikuwa na ndoto moja ya mwisho: kulifufua trekta la kwanza la chuo, lililolala nyuma ya mabanda ya kuku kwa miaka kumi na moja. Yeye mwenyewe alijifunzia kuendesha juu yake. Tulipolivuta hadi karakana, shangazi wa stoo, ambaye ni shangazi wa kila mtu hapa, alilizunguka akaguna. "Hili si trekta," alisema. "Hii ni kutu iliyokaa vizuri."

Hakukosea sana. Klachi ilikuwa imegandana, na ili kuifikia ilibidi trekta litenganishwe katikati: nusu ya nyuma yenye giaboksi ibaki juu ya stendi, nusu ya mbele yenye injini ivutwe kando. Nusu hizo zimeshikana kwa bolti, na kila bolti ilikuwa imevimba kutu hadi kichwa chake hakikuwa na pembe. Tulizigonga moja moja kwa nyundo ndogo, tukisikiliza. Bolti inayokaribia kulegea hutoa mlio mkali. Iliyoshikana hutoa mlio mzito, kama ukuta. Tulizikaza kidogo kabla ya kuzilegeza, ili kutu ipasuke. Zilizokataa tulizipasha moto, tukazigusisha nta ya mshumaa, na nta iliyeyuka ikanyonywa ndani ya nyuzi za bolti. Wiki tatu, robo kwa robo, hofu kwa hofu. Ikabaki moja, ya chini kushoto.

Sehemu inayofuata, mkuu wa chuo alipendekeza iachwe, kwa sababu makala hii ni ya sherehe. Mzee Robo ameomba iandikwe.

Ekseli ya mbele ya trekta lile imeshikwa katikati tu na hubembea, ili magurudumu yafuate mabonde ya shamba. Maana yake, nusu ya mbele ikiachana na ya nyuma, injini inaweza kulala ubavu. Dawa yake ni kabari mbili za mbao, moja kila upande wa ekseli. Siku ile, tarehe kumi na nne Mei, saa nne asubuhi, Mzee Robo alipiga kabari ya kulia. Akaokota ya kushoto. Mkuu akamwita mlangoni kumuuliza viti vya wageni wa sherehe ya kuliwasha trekta vipangwe wapi. Alizungumza naye dakika tano, akaweka kabari dirishani, akarudi na kuniambia, "Haya binti, malizia." Hakuuliza swali lake. Nami sikumkumbusha, kwa sababu ilikuwa ya mwisho na nilitaka kuona nusu mbili zikiachana.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda upande wa kushoto. Bolti haikukubali, nikasimama, nikarudi hatua moja nyuma ili nivute kwa mikono miwili. Ikakatika kwa mlio niliousikia kwenye meno. Injini ikainama taratibu, kama mtu anayejilaza, kisha ikaanguka kwa kishindo. Vumbi lilipotulia, kigoda kilikuwa vijiti. Sikuokolewa na akili. Nilisimama, basi.

Mzee Robo alikaa sakafuni. Hakunikemea, hakunipa pole. Aliniambia tu nihesabu vidole, na nilipofika kumi aliniambia nihesabu tena.

Wengi mmekuwa mkiuliza kwa nini anaondoka wakati mkataba wa miaka miwili zaidi ulikuwa tayari mezani kwa mkuu, ukisubiri sahihi yake. Asubuhi iliyofuata ajali ile alikwenda kuukataa. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi na mimi nilikuwa kwenye benchi la nje, nikisubiri kuandika taarifa ya ajali, kwa hiyo niliyasikia maneno yake. "Jana sikuogopa," alimwambia mkuu. "Miaka yote hii, mara ya kwanza. Nilikuwa nawaza viti." Mkuu akamwambia hayo ni mambo ya binadamu. Mzee akajibu, "Ndiyo, mkuu. Na binadamu mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda."

Injini iliinuliwa kwa winchi siku ile ile ya ajali, ikarudishwa juu ya magurudumu yake. Lakini kipande cha bolti kilikuwa kimebaki ndani ya giaboksi, kimekatika usawa wa chuma, bila hata pa kushika. Kisipotoka, nusu mbili haziungani. Mkuu, ambaye hakutaka tena kuliona trekta lile, alitoa muda: likishindikana hadi Mzee anapoondoka, wakata vyuma waitwe walichukue. Kazi ya kukitoa ilikuwa yangu, kwa kuwa karakana itakuwa yangu. Nilikuwa na wiki sita, na nilijua kwamba nisipokitoa kipande kile sitashika spana tena maishani.

Nikashindwa kuingia. Kwa siku tisa nilifanya kazi za makaratasi mezani kwa shangazi wa stoo. Kila nilipofika mlango wa karakana na kusikia harufu ya mafuta ya taa, niliyoizoea kama sabuni ya nyumbani, niligeuka nikarudi. Siku ya kumi shangazi aliniondolea kalamu mkononi. "Mwanangu, hizi fomu umezipanga kwa tarehe, ukazipanga kwa rangi, sasa unazipanga kwa urefu," alisema. "Fomu haziumi mtu. Toka humu."

Mzee Robo alikuwa karakana peke yake, ananoa tindo ambazo hazikuhitaji kunolewa. Hakuniambia nisiogope. Nadhani angeniambia hivyo ningerudi stoo moja kwa moja. Aliniuliza lile swali, nami nikaanza. Nilisema naogopa stendi zitateleza, tukazipima. Nilisema naogopa nusu ya mbele haiko mbali vya kutosha, tukaisogeza mita mbili zaidi, hadi ukutani. Niliogopa moto, nikapangusa mafuta yote na kuvuta ndoo ya mchanga. Ilibidi nati ichomelewe juu ya kipande kile, na niliogopa nitayeyusha nyuzi za giaboksi, akanionyesha nichomelee kwa kugusa na kuacha, kugusa na kuacha. Niliogopa mikono yangu itatetemeka, tukasubiri nusu saa.

"Hakuna nyingine?" akauliza.

Ilikuwepo. Niliangalia viatu vyake, kwa sababu mtu huyu amenifundisha kila kitu ninachokijua kwa mikono yangu. Kisha nikaisema. "Nakuogopa wewe, Mzee. Naogopa utasahau tena."

Nilidhani atakasirika. Niliogopa zaidi kwamba atalia. Alivua glavu zake, akaziweka juu ya meza ya vipuri. "Hiyo ndiyo ya maana kuliko zote," alisema. "Basi kagua mwenyewe, upya, kila kitu. Mimi siruhusiwi kugusa." Akaenda kusimama kizingitini, mikono nyuma, fundi mkuu wa miaka kumi na tisa, akingoja kama mgeni aliyekuja kuazima nyundo.

Nilikagua kila kitu upya. Kisha nikachomelea nati juu ya kipande cha bolti, kupitia tundu lake, hadi viwili vikawa kitu kimoja. Nilisubiri wekundu ufifie, nikagusisha nta, nikasikia ikichemka na kuingia. Niliingiza spana kwenye nati. Robo mbele, haikusogea. Kidogo nyuma, ikalia. Niliacha kuvuta. Kutoka kizingitini Mzee hakushauri, ingawa najua ushauri ulimchoma ulimi. Nikaongeza nta, nikavuta tena, na kitu kikalegea chini ya mkono wangu, kidogo sana, kama jino la mtoto. Ilinichukua saa moja na dakika arobaini kukitoa. Nilipokishika kwa koleo bado kilikuwa cha moto, kirefu kama kidole gumba.

Nilipogeuka, Mzee Robo alikuwa bado kizingitini. Hakuingia mpaka nilipomwambia, "Karibu, Mzee."

Tangu siku hiyo amekuwa akiomba ruhusa yangu kila anapoingia, mbele ya wanafunzi, nao wameacha kucheka. Klachi mpya imefungwa, nusu mbili zimeungana, na Jumanne iliyopita injini iliwaka, ikatoa moshi uliowafukuza kuku wote, ikazima, ikawaka tena. Viti vya wageni, kwa uamuzi wa fundi mkuu, vimewekwa mita thelathini kutoka kwenye trekta.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunamshukuru Mzee Robo kwa pampu, jenereta, kurasa tupu za daftari, na kwa wanafunzi waliokwenda makwao wakiwa wazima. Tunamshukuru mkewe aliyetuazima mumewe kwa muda mrefu hivi. Tumesikia ana mpango wa kutengeneza cherehani za majirani, kwa sababu, anavyosema, bolti zake ni ndogo na haziangukii mtu. Tunamwombea siku tulivu, usingizi wa kutosha na chai ambayo haipoi akiwa chini ya gari.

Mimi Jumatatu nitafungua karakana peke yangu saa moja na nusu. Kuna bolti nane za gurudumu la nyuma la trekta ambazo hazijaguswa kwa miaka kumi na moja. Nimezigonga zote kwa nyundo ndogo, na zote zina mlio wa ukuta. Mzee, naziogopa sana. Nenda kapumzike.