Besi la Mama

FLAVIA: Haloo? Namba ngeni hii, nani mwenzangu?

EUSTACE: Mimi, Eustace.

FLAVIA: Kaka! Mwangaluka! Shikamoo!

EUSTACE: Marahaba. Simu yangu imekata chaji, hii nimeazima kwa muuza chipsi hapa stendi ya Igunga. Nisikilize haraka, vocha yake ndogo.

FLAVIA: Igunga? Basi saa tisa ibada inakukuta Igalula! Pilau liko jikoni, Mzee Mabruki kaja na masufuria yake toka Tabora mjini, anasema mama hawezi kukumbukwa kwa wali mkavu—

EUSTACE: Flavia.

FLAVIA: —na vitenge tumeshona vya njano, shati lako lipo—

EUSTACE: Flavia, nimeshuka kwenye basi.

FLAVIA: Umeshuka kuchimba dawa?

EUSTACE: Nimeshuka na begi. Nasubiri gari la kurudi Singida.

[Mtandao unakwaruza.]

FLAVIA: Mtandao mbovu. Nimesikia eti unarudi.

EUSTACE: Umesikia vizuri. Baba mdogo Alois kanipigia njiani. Ni kweli utapuliza besi, lile tarumbeta kubwa la mama, makaburini?

FLAVIA: Kweli kabisa.

EUSTACE: Wewe mwenyewe?

FLAVIA: Mdomo wangu mwenyewe na mashavu yangu mwenyewe. Nimefanya mazoezi mwaka mzima, mbuzi wa jirani wamehama.

EUSTACE: Usinichekeshe. Baba mdogo anasema kumbukumbu ya mama siyo harusi. Tusali, tufunue msalaba, tule, basi. Ukipuliza lile dude, yeye na wazee wote wanaondoka.

FLAVIA: Waondoke. Pilau litatutosha.

EUSTACE: We mtoto!

FLAVIA: Mtoto nina watoto watatu. Kaka, babu alipozikwa nani alipuliza besi?

EUSTACE: Hayo siyo—

FLAVIA: Nani alipuliza?

EUSTACE: Mama.

FLAVIA: Baba mdogo alikuwa hajiwezi kwa kulia, kashikiliwa na watu wawili. Nani alimfikisha kaburini? Mama, kwa lile dude! Wamoraviani wote wa Igalula kawasindikiza yeye, ibada ya Pasaka alfajiri makaburini kawapulizia yeye. Leo zamu yake apewe kimya? Thubutu!

EUSTACE: Punguza sauti, muuza chipsi anasikia.

FLAVIA: Asikie! Mpe simu nimwambie na yeye!

[Honi ya basi. Makelele ya wapiga debe.]

EUSTACE: Wanasema mwanamke kupuliza juu ya kaburi ni mkosi.

FLAVIA: Mama alisemaje pale kitandani? Si ulikuwepo?

EUSTACE: Nilikuwepo.

FLAVIA: Alisemaje?

EUSTACE: "Siku ya mazishi lieni mnavyotaka. Mwaka ukiisha, atakayelia nitamshangaa. Mpulize."

FLAVIA: Sasa mimi nimwogope Alois nimwache mama yetu Advera? Nitapuliza. Ngozi ya midomo ibanduke, nitapuliza. Ila msalaba umefunikwa shuka nyeupe, na anayefunua ni mtoto wa kwanza. Huyo ni wewe, siyo baba mdogo.

EUSTACE: Utafunua wewe.

FLAVIA: Nikishika besi nitafunua kwa mkono gani? Kaka, usinidanganye. Wewe tangu lini unamsikiliza baba mdogo?

EUSTACE: Flavia...

FLAVIA: Nambie.

EUSTACE: Siku ya mazishi kaburi lilikuwa udongo tu. Sasa kuna msalaba, una jina. Sitaki kulisoma hilo jina, mdogo wangu.

FLAVIA: Najua.

EUSTACE: Hujui.

FLAVIA: Sisi tunalipita kaburi kila siku tukienda shamba. Najua. Ngoja, usikate.

EUSTACE: Unafanya nini? Vocha ya watu hii! Haloo?

FLAVIA: Julieth mwanangu, shika simu hapa karibu. Karibu zaidi! Sikiliza, kaka.

[Besi linanguruma, wimbo wa polepole. Linanyamaza.]

FLAVIA: Umesikia? Haloo? Umekata?

EUSTACE: Hapo mwisho umewahi kuachia.

FLAVIA: Sijawahi. Nimefuata noti.

EUSTACE: Noti ndiyo imekosea. Mama alikuwa haachii. Wenzake wote wameshamaliza, yeye bado kashikilia tu, mchungaji anageuka kumtazama—

FLAVIA: —na yeye anamtazama vilevile!

EUSTACE: Mpaka mchungaji anacheka mwenyewe. Kila Jumapili. Wakaishia kumsubiri. Hivi: mmmmmm... [Anaimba kwa kuvuta.] Bado... mmmmmm...

FLAVIA: Kaka, unaimba stendi?

EUSTACE: Wanitazame tu! Ni mama yangu! ... Mmmm. Hapo sasa ndiyo unaachia.

FLAVIA: Pumzi yangu haifiki huko.

EUSTACE: Itafika. Unavuta kwa tumbo, siyo kwa mabega. Alinifundisha hivyo—

[Honi. Sauti ya kondakta: "Nzega, Tabora! Nzega, Tabora, wa mwisho!"]

EUSTACE: Konda! Konda, ngoja! Kaka wa chipsi, chukua simu ya— hapana, subiri kidogo. Flavia!

FLAVIA: Nipo!

EUSTACE: Mwambie Alois akiondoka aache kiti, nitakaa mimi. Na hiyo shuka asiiguse mtu!

FLAVIA: Haigusi mtu, haiguswi shuka! Tutakusubiri hata saa kumi na—

EUSTACE: Na pale mwisho, mdogo wangu, hata wazee wakunje sura, hata wakohoe, usiachie mpaka nimeshalisoma jina lote—

[Vocha imekwisha.]